Kwaresima Niliyochorwa Maria

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Wengine wameacha sukari. Yaya Marie-Claire, dada yetu mkubwa pale saluni, ameacha bia, na tayari ana hasira. Mimi, padri wetu, mon père Zénon, alinipaka majivu, akanitazama kidogo, akasema, "Mama Peguy, wewe usiache kitu. Andika. Kila siku, hata mstari mmoja, mpaka Pasaka." Nikamuuliza niandike nini. Akasema, "Kile kilichopo." Basi nimenunua daftari hapa Overport, lina picha ya paka kwenye jalada. Kilichopo: majivu yananiwasha kwenye paji la uso.

Leo pia limeanza kuzunguka lile daftari lingine, la marehemu. Sisi Wakongomani wa parokia hii tuna desturi yetu. Kwaresima nzima daftari linapita kutoka familia hadi familia, kila nyumba inaandika watu wake waliofia huku ugenini, na Ijumaa Kuu padri anayasoma majina yote, moja moja, kanisa zima limesimama. Marie-Claire aliniwekea mapajani, na kalamu juu yake. Nikalisogeza kwa mama aliyekaa pembeni yangu. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo.

Peguy wangu alitoka kazini Queensburgh ile Jumatatu ya mafuriko ya Aprili, itakuwa miaka miwili sasa, na hajafika nyumbani. Ana miaka kumi na tisa. Hajaonekana, yeye wala mwili wake. Mtu wa namna hiyo simwandiki popote.

Alhamisi, 15 Februari

Nimesuka vichwa vitatu. Mvua.

Jumamosi, 17 Februari

Papa Désiré alikuja saluni kupaka upya kibao chetu cha nje. Nusu ya vibao vya saluni na simu kuanzia hapa mpaka Berea amevipaka yeye. Alisoma sanaa Kinshasa miaka mitano, na huku anachora vichwa vya mitindo na maneno NO WIFI. Halalamiki. Analewa mara moja kwa mwezi, siku ya kodi, basi.

Nilikuwa namsuka mteja. Nikamwona kwenye kioo ameshika brashi, ananitazama mimi, kibao amekisahau.

"Mama Peguy, iko kazi moja, natafuta mtu."

"Wa kusuka?"

"Wa kukaa."

Parokia imempa ubao mkubwa achore Yesu akishushwa msalabani, utundikwe ukumbini Ijumaa Kuu. Anatafuta Maria. Nikamwambia Maria alikuwa msichana, mimi nina miaka arobaini na sita na meno mawili ya pembeni hayapo. Akasema mtoto wake alipokufa alikuwa wa umri wangu au zaidi, nihesabu mwenyewe. "Nataka uso huo ulio kwenye kioo sasa hivi. Usiongeze kitu."

Nilikubali. Kukaa ninaweza.

Jumapili, 18 Februari

Baada ya misa kelele ukumbini, kwa sababu Désiré ametangaza kwamba watu wote wa kwenye picha watakuwa sisi. Mzee Gadiel, mwenyekiti wa kamati, Mtanzania wetu pekee, alisimama wa kwanza. Yeye atakuwa Yosefu wa Arimataya, mtu mwenye heshima zake. Désiré akasema sawa. Mzee akauliza, je, avue miwani? Kisha akajijibu mwenyewe: "Hapana. Nimevaa miwani tangu darasa la tano. Ukinichora bila miwani umemchora mtu mwingine."

Marie-Claire akaambiwa Magdalena. "Mimi? Magdalena? Mume wangu atasema nini?" Alipoambiwa Magdalena huwa na nywele ndefu zimemwagika mpaka kiunoni, akasema atafikiria.

Watu walicheka sana. Nilijua kwamba inachekesha, ila mimi sikucheka.

Jumanne, 20 Februari

Mvua. Sombe ya majani ya muhogo imeungua. Nimekula hivyo hivyo.

Alhamisi, 22 Februari

Nimekaa mara ya kwanza, ukumbini, kwenye kiti cha plastiki, kitenge cha bluu kichwani. Désiré anachora na kuongea. Anasema zamani watakatifu wote walikuwa na sura moja, macho yale yale, pua ile ile, nyuma yao dhahabu tupu. Kisha kule Italia, miaka mia tano, mia sita iliyopita, wachoraji wakaanza kutoka nje na kutazama watu. Mtume akapewa pua ya mchukuzi wa sokoni. Maria akawa dada fulani wa mtaani, majirani wanamjua kwa jina. Tajiri aliyelipia picha akawekwa pembeni amepiga magoti, na kidevu chake cha pili kikachorwa vilevile kilivyo.

"Na watu wakakubali?"

"Wengine walikasirika sana."

Nilimwambia hilo kwangu si jipya. Zile picha za mitindo tulizobandika ukutani zote zina kichwa kimoja, lakini mteja anakuja na cha kwake. Mwingine bapa nyuma, mwingine ana kovu la kuanguka utotoni, mwingine nywele za kisogoni zinakataa. Ukisuka ile ya ukutani bila kutazama kichwa kilichoko mkononi, umeharibu. Désiré akaacha kuchora kabisa, akacheka, akasema ningekuwa mwalimu wake Kinshasa angemaliza kwa miaka miwili.

Saa mbili nzima. Hakusema geuza hivi, lainisha hivi. Mtu kunitazama muda wote huo bila kuniambia pole, hilo nimelipenda, nadhani.

Jumatatu, 26 Februari

Hakuna.

Jumamosi, 2 Machi

Yesu amepatikana. Ni Honoré, yule anayetengeneza simu ghorofa ya chini ya saluni yetu. Ni mwembamba, nywele zake hazijakatwa tangu Krismasi, na alikuwa mtu pekee aliyekubali kulala kifua wazi mbele ya akina mama. Amelazwa kwenye meza mbili zilizounganishwa, kichwa chake mapajani mwangu. Baada ya dakika kumi alianza kukoroma. Marie-Claire, ambaye sasa amekubali kuwa Magdalena na amekuja na wigi jipya, alicheka mpaka akalia. "Yesu anakoroma! Mon Dieu, Désiré, mwamshe, atafufuka kabla ya siku!"

Walipotoka, Désiré aliuliza polepole, huku anaosha brashi. Je, iko picha ya Peguy? Angeweza kumpa Yesu sura yake. Wale Waitaliano walifanya hivyo kwa watu waliowapenda.

Nikamwambia, "Usimchore amekufa."

Akasema, "Pardon, mama." Hakurudia tena.

Jumapili, 3 Machi

Daftari la marehemu limepita tena. Nimelisogeza.

Jumatano, 6 Machi

Leo ujumbe umekuja saluni: Mzee Gadiel na Marie-Claire. Marie-Claire hakuhitaji kuja, yupo hapa kila siku. Mimi nasuka, yeye anapaka kucha, meza zetu zinagusana. Lakini alitoka nje, akakutana na mzee mlangoni, wakaingia pamoja kama wageni. Ikabidi niwakaribishe viti.

Kamati imeiona picha. Mzee Gadiel ameipenda sana miwani. Shida ni Bikira. "Amechoka, mama Peguy. Ana mikunjo. Na halii. Mama yuko chini ya msalaba, mwanawe amekufa, na jicho kavu! Hata mtoto wa katekisimu atauliza."

"Mwambieni Désiré anipake machozi. Mimi sina neno."

"Tumemwambia. Amekataa. Anasema hapaki kitu ambacho hakukiona."

Wakatazamana. Marie-Claire akanishika mkono. "Basi mdogo wangu, lia kidogo. Mara moja tu. Aone."

Mteja wangu, mwanafunzi Mkenya anayekaa Berea, alishindwa kujizuia, akacheka ndani ya taulo. Nikasema nitajaribu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu. Vitunguu vinne, kwenye makayabu, samaki wa chumvi, ya kesho. Macho yaliwasha, maji yakatoka. Ni maji ya kitunguu tu. Niliosha uso.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike hili pia, maana liko. Wakati ule, walipochoka kutafuta mtoni, jumuiya ilikaa matanga kwangu siku tatu bila maiti. Akina mama walilala kwenye magodoro sebuleni, wakaimba, wakalia. Mimi nilipika chai. Nilijua nani anataka sukari na nani hataki. Siku ya pili nilimsikia mmoja jikoni akisema, mama huyu moyo wake ni jiwe. Yaya Marie-Claire alimfukuza, nakumbuka. Lakini naye alinitazama. Tangu hapo wananingoja. Nikilia, wao watapumua, matanga yatakwisha, kila mtu ataenda kwake.

Sikuwakasirikia. Hata kukasirika kulikuwa mbali, mahali ambapo sikuwa na nauli ya kufika.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Umeme umekatika saa nne, umerudi saa sita na nusu. Kichwa kimoja.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimefanya jambo.

Ilikuwa zamu ya akina mama kufagia ukumbi. Nilichelewa, taxi ilikwama kwenye robot, taa za barabarani, pale chini muda mrefu. Nilipoingia walikuwa wamesimama mbele ya ubao, mafagio mkononi, wanasema, "Ee, sasa ndiye. Sasa ndiye mwenyewe." Nikasogea.

Nilikuwa nalia. Yule wa kwenye ubao. Matone mawili kila shavu, moja chini ya lingine, meupe, yanang'aa. Machozi mazuri, sitadanganya. Mkono uliofanya kazi hiyo ni mkono wa kazi. Na ile rangi niliijua hapo hapo, maana naiona kila siku: nyeupe ya kucha, ile ambayo Marie-Claire anawapaka wasichana wa harusi kwenye ncha.

Marie-Claire alikuwa nyuma yangu. "Désiré hatajua hata. Ni kidogo tu. Nimekusaidia, mdogo wangu."

Nikaangalia ule uso. Wangu, mikunjo yangu, na ulikuwa unafanya kile walichokuwa wanakitaka siku zote. Kitu kikapanda ndani yangu. Sikukitambua mara moja. Kilikuwa hasira. Nikafungua begi la kucha la Marie-Claire, nikatoa pamba na asetoni, ile dawa ya kufuta rangi ya kucha, nikaanza kufuta.

"Haya si yangu!" Nilipiga kelele, ukumbini mwa kanisa, mbele ya akina mama. "Miaka miwili! Miaka miwili mnataka nilie ili nyinyi mkalale! Mnalia kwenye harusi, mnalia kwenye sinema za Nigeria, mmenilia mimi mtoto wangu bila ruhusa yangu! Haya mliyoyabandika hapa mtayaondoa!"

Machozi yalitoka. Shavu likatoka nayo. Na jicho la kushoto. Asetoni haichagui, na mimi sikuacha mpaka pamba ikaanza kuokota rangi ya mbao. Maria wa Désiré alibaki na jicho moja na tope la kahawia.

Marie-Claire alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mikono inanuka asetoni hadi sasa ninapoandika.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda misa.

Jumatatu, 18 Machi

Marie-Claire alikuja kazini. Saa nne aliniwekea kikombe cha chai karibu na vitana, akarudi kwenye meza yake. Sukari mbili. Anajua pia.

Jumatano, 20 Machi

Désiré ametuma ujumbe: *Kesho sikukuu, hakuna kazi. Njoo ukae. Sharp.* Sharp, yaani sawa, wanavyosema vijana wa huku. Hakuandika lingine.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno ya kuomba radhi. Désiré akanikatiza. "Nimechora kwenye kuta za baa, mama. Wamewahi kunitapikia. Kaa."

Honoré alikuwa tayari mezani, macho, kwa sababu alinywa kahawa mbili. Akaweka kichwa mapajani mwangu. Nje mvua, ukumbini sisi watatu tu. Désiré alitaka jicho lile na shavu, basi. Mikono ilikuwa imekwisha kuchorwa, imelala begani mwa Honoré, hakuna aliyeihitaji.

Mikono yangu lakini haijui kukaa bure juu ya kichwa cha mtu. Nilipokuja kuiona, vidole vilikuwa ndani ya nywele za Honoré, vinagawa. Mstari kutoka kwenye paji kwenda nyuma, wa pili pembeni yake. Kila Jumapili baada ya misa Peguy alikaa chini, kichwa chake hapo hapo kwenye magoti yangu, anacheza na simu, analalamika ninavuta. Kwetu mtu akifa, mama au shangazi anamwosha na kumtengeneza kichwa kabla hajafunikwa. Haruhusiwi kwenda na nywele za jana. Mimi Peguy sijamtengeneza. Alitoka nyumbani asubuhi ile nywele zimevurugika, nikamwambia jioni nitakusuka, akasema, "Sharp, mama." Saa kumi na moja alipiga simu kutoka Queensburgh kwamba mvua ni mingi, barabara imefungwa, atapita chini kwenye daraja dogo. Nikamwambia asichelewe. Nilimwambia asichelewe, ndiyo maneno yangu.

Haya yote nilikuwa nayasema kwa sauti. Sikujua, mpaka nikaona brashi ya Désiré imesimama.

"Endelea, mama," akasema. "Mimi nachora."

Vidole vikafika utosini. Peguy ana mizunguko miwili ya nywele pale, mmoja unakwenda kulia, mwingine kushoto. Kusuka hapo ni kazi, lazima uanze katikati ya yote miwili, la sivyo mstari unapinda. Vidole vikaupata mmoja. Vikatafuta wa pili. Vikarudi, vikatafuta tena, pole pole, ngozi yote ya utosi. Haukuwapo.

"Wewe si Peguy," nikamwambia Honoré.

"Hapana, mama," akasema, bila kufungua macho.

"Peguy amekufa."

"Ndiyo, mama."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu. Nilingoja. Hakuna kilichoanguka. Mvua iliendelea juu ya mabati, nikaendelea kusuka mpaka mistari minane, nikafunga ncha. Désiré alifuta ile mikono ya zamani begani akachora hii mipya, mmoja umeshika nywele, mwingine unatafuta utosini. Uso akauacha mkavu.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Daftari la marehemu lilikuwa kwa Marie-Claire. Hakuthubutu kuniletea. Nilimfuata mwenyewe, nikanyoosha mkono. Akalitoa kwa mikono miwili.

Kila ukurasa una sehemu tatu: jina, mahali, tarehe. Watu wameandika vizuri, mstari mmoja mmoja. Mimi ule mstari haukunitosha. Nikageuza ukurasa mpya, nikaandika mpaka chini. Marie-Claire alikaa karibu, mkoba mapajani, akitazama upande mwingine.

Jumanne, 26 Machi

Vichwa vinne. Honoré bado hajafumua mistari. Wateja wake wanamtania, anasema ni kazi ya kanisa.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Picha ilifunuliwa saa tisa. Mzee Gadiel na miwani yake ameshika miguu ya Yesu. Magdalena ana wigi. Maria ana macho mawili yasiyofanana, moja la Februari, moja la Machi, na hakuna chozi. Watu walitazama mikono. Mama mmoja mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, "Anamtengeneza kichwa," na wa pili akasema, "Ee. Anamtengeneza." Hawakuuliza kuhusu machozi tena.

Kisha tukasimama, majina yakaanza. Mon père alisoma jina, mahali, tarehe. Jina, mahali, tarehe. Alipofika kwenye ukurasa wangu alisita, akanitafuta kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Akasoma yote, kama nilivyoandika:

"Peguy Mwamba Kalenga. Miaka kumi na tisa. Mrefu, anainama kidogo mlangoni hata pasipo lazima. Sikio la kushoto limekunjika juu. Kovu la pasi kwenye kiganja. Hali maharage. Utosini nywele zake zinazunguka mara mbili, kulia na kushoto, na anayemsuka aanze katikati. Alitoka kazini Queensburgh Jumatatu, tarehe kumi na moja Aprili. Mto haujamrudisha. Akionekana, asifunikwe kabla mama yake hajafika na kitana."

Mon père akafuta miwani yake, akageuza ukurasa, akasoma jina lililofuata.

Pasaka, 31 Machi

Nilikuwa nachambua mchele. Hakuna kilichotokea, ni mchele tu, jiwe moja dogo lilikuwa ndani yake. Nikalishika. Ikaanza.

Nimelia tangu saa mbili asubuhi. Nimelia nikiwa nimesimama, nimelia nimekaa bafuni, kamasi mpaka kwenye kitenge, sauti ambayo sikujua ninayo, jirani wa juu amegonga sakafu kisha ameacha. Inauma. Inauma kila mahali. Peguy. Peguy wangu.

Saa sita Marie-Claire aliingia bila kubisha, chupa ya bia mkononi, ya kwanza tangu Februari, haijafunguliwa. Alinikuta sakafuni. Akaiweka bia chini, akakaa, akanivuta kichwa kwenye magoti yake, na yeye akaanza kulia.

"Sasa ndiyo unalia," akasema. "Sasa! Na rangi imeshakauka."